Jinsi nilivyolifanya neno "ninapika" litembee juu ya boksi la viungo

Niliona herufi zikitembea kabla sijajua kwamba kuna watu wanazisomea chuoni. Nilikuwa kidato cha pili, nimejitwisha mfuko wa bizari na mdalasini, namfuata mama mkubwa kwenye meza yake katika soko la Temeke Stereo. Mbele yangu kanga aliyojifunga kiunoni imeandikwa WEMA HAUOZI. Akitupa mguu wa kushoto, mkunjo unameza HAU. Akitupa wa kulia, WEMA inapotea na HAUOZI inafunguka. Njia nzima nililisoma lile jina la kanga, yaani maneno yake, vipande vipande, na kila hatua ililileta kwa mpangilio mwingine.

Nilikuja kulikumbuka mwaka wa tatu wa masomo ya usanifu wa grafiki. Muhula ule tulipewa kazi mbili: kutengeneza maandishi yenye mwendo kwa ajili ya skrini, na kubuni kifungashio cha bidhaa ya mjasiriamali mdogo. Wenzangu wengi walizitenganisha. Mimi nilitaka zote mbili ziwe kitu kimoja, tena nilijua bidhaa ni ipi: viungo vya pilau vya mama mkubwa, anavyovisaga mwenyewe na kuvifunga kwenye vifuko vya nailoni visivyo hata na jina.

Nilianza na skrini. Nikaandika NINAPIKA, nikaipeleka kwenye After Effects, programu ya kuchezesha picha na maandishi, nikaanza kuirusha. N ya kwanza ilidondoka kutoka juu, I ikaja ikizunguka, A zikapanuka na kusinyaa, K ikateleza kutoka pembeni. Sekunde 6, fremu 25, yaani picha moja moja, kwa kila sekunde, jumla fremu 150, na hakuna fremu hata moja ambayo neno zima lilikuwa limetulia. Niliona nimefanya kazi kubwa. Jioni nikamwonyesha mama mkubwa kwenye simu. Aliangalia mara mbili, akanirudishia.

"Mwanangu, haya maandishi yana haraka ya kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikairudia ile video fremu kwa fremu, nikaona tatizo haliko kwenye kasi peke yake. Mwendo wote niliouweka niliutoa kichwani mwangu, wakati neno lenyewe lina mwendo wake. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni anajua habari ya mzizi na viambishi. Ninapika, unapika, tunapika: mzizi -pik- umekaa palepale, na njeo -na- iko palepale. Kinachobadilika ni kile kipande cha mbele tu, na kikibadilika, mtu anayepika anabadilika. Lugha inamwondoa mmoja jikoni na kumweka mwingine bila kugusa sufuria. Sasa kwa nini niirushe K?

Nikafuta kila kitu. Toleo la pili, NAPIKA haikusogea hata nukta moja. Kilichosogea ni NI, ikatoka kwa kushuka, U ikaingia, ikakaa sekunde nzima, ikatoka, TU ikaingia. Mimi, wewe, sisi. Kila kiambishi nilikianzisha polepole, kikashika kasi katikati, kikapunguza kabla ya kusimama, kama mtu anayeweka sufuria mezani asimwage mchuzi. Nikampelekea tena mama mkubwa. Safari hii alisoma kwa sauti, "Ninapika, unapika, tunapika," akasema, "Hii inasomeka." Kwangu hiyo ilikuwa alama ya kwanza ya muhula.

Herufi nilizichora mwenyewe. Niliazima kanga 4 za nyumbani, nikapima majina yake kwa rula: herufi kubwa zote, nene, zimesimama karibukaribu ndani ya kisanduku chake chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga. Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha sana. NINAPIKA ina herufi 8, lakini ukihesabu zilizo tofauti ni 5 tu: N, I, A, P na K. Kati ya hizo, P peke yake ndiyo yenye mviringo, nyingine zote ni mistari iliyonyooka. Kwa hiyo U inapoingia mahali pa NI, jicho linaikamata mara moja kwa sababu inaleta tumbo la duara katikati ya fito. Kazi nzima ilihitaji herufi 7 ukijumlisha U na T, nami nilikaa nazo wiki mbili. Anayedhani Kiswahili kimepwaya kwa maumbo kwa kuwa A na I zimejaa kila mahali, azichore kwanza. Kule kujirudia ndiko kunakoleta mdundo.

Mpangilio wa boksi nao niliutoa kwenye kanga: pindo kuzunguka kingo zote, mji katikati, jina sehemu ya chini. Sijaona sababu ya kuazima mpangilio kwingine wakati wateja wa mama mkubwa wamejifunga huu tangu wazaliwe.

Kazi ngumu ilikuwa kuutoa mwendo kwenye skrini na kuuweka kwenye karatasi. Sikutaka ile njia ya kubandika msimbo mteja aelekeze simu ndipo aone video. Mtu yuko sokoni, mkono mmoja una kapu, mwingine una noti, bando hana. Mwendo ulipaswa kuwa mkononi mwake.

Kuna mbinu ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wafaransa walikuwa na kichezeo kilichoitwa Ombro-Cinéma, kilichochezesha picha kwa kutumia mistari tu. Unachukua picha kadhaa za mwendo mmoja, tuseme 4, unazikata ziwe mistari myembamba na kuzichanganya katika mchoro mmoja. Juu yake unaweka karatasi angavu yenye mistari myeusi, ukiacha vijia vyembamba vya kuonea. Mahali popote karatasi ile ilipo, unaona picha moja kati ya zile 4, nyingine zimefichwa. Ukiisogeza kidogo, inakuja ya pili. Ukiendelea kusogeza, picha inacheza.

Boksi langu lilikuwa la kuvuta, kama boksi la kiberiti lakini kubwa: urefu milimita 120, upana 70, kimo 25. Mantiki ilikuwa wazi kwangu: mistari myeusi iwe kwenye ganda la nje, mchoro uwe juu ya droo ya ndani niliyoifunika kwa kadi, na mteja akivuta droo maneno yabadilike. Nikaenda steshenari Kariakoo, nikachapisha mistari kwenye ile plastiki angavu wanayotumia kufunikia ripoti, nikakata, nikagundisha, nikavuta.

Sikuona neno, niliona vumbi. Nilirudia mara tatu nikidhani ni gundi. Mwisho nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kijia changu kilikuwa milimita 1 na picha zilikuwa 3, maana yake kila milimita 3 za kuvuta, NI, U na TU zote zimeshapita na mzunguko umeanza upya. Mtu akivuta milimita 30, anaonyeshwa watu watatu mara 10. Hakuna jicho la kusoma hivyo. Mbinu ile inafaa mwendo unaojirudia, kitu kama moshi, maji au gurudumu. Neno linalohitaji kusomwa halifai kukaa pale. Ilikuwa ni haraka ileile aliyoisema mama mkubwa, ila safari hii iko kwenye karatasi.

Ndipo nikagawa kazi. Kwa viambishi, nilitoboa dirisha la kawaida kwenye ganda. NAPIKA ilichapishwa juu ya ganda, na NI, U na TU zilipangwa kwenye droo kwa umbali wa milimita 20 kati ya moja na nyingine. Ukivuta droo kwenda kushoto, NI inaondoka, na U iliyokuwa imejificha chini ya NAPIKA inafika dirishani. Ukivuta tena, TU. Basi. Mkasi, rula na kisu. Ile mbinu ya mistari nikaipa kazi inayoiweza: mvuke unaopanda juu ya neno. Picha 4, kijia milimita 1, mstari mweusi milimita 3, mzunguko mmoja kila milimita 4. Kwa hiyo kati ya kiambishi kimoja na kingine mvuke unazunguka mara 5 kamili, na neno likifika mahali pake mvuke nao umerudi kwenye umbo lake la mwanzo. Nilipoliona lile likitokea mezani kwangu saa saba usiku, niliinuka nikazunguka chumba.

Lakini boksi la kwanza kupelekwa kwa mchapaji lilirudi mvuke upande wa kushoto uko chini, wa kulia uko juu, katikati hauna umbo. Sababu ilikuwa ndogo mno. Karatasi angavu ilichapishwa kwenye mashine iliyowekewa "tosheleza kwenye ukurasa", ikaipunguza hadi asilimia 97 bila kuuliza. Kwenye picha ya kawaida usingejua. Kwenye dirisha la milimita 60 lenye mizunguko 15, kila mzunguko ulipungua milimita 0.12, mwisho wa dirisha kosa likafika milimita 1.8, karibu nusu ya mzunguko. Tangu siku hiyo kila faili langu lina mstari wa milimita 100 pembeni, na jambo la kwanza baada ya kuchapa ni kuupima kwa rula kabla ya kukata chochote. Ukitaka kujaribu mbinu hii, anza na huo mstari.

Mambo mengine nayataja kwa haraka kwa sababu yanatatulika. Nyekundu iliyowaka kwenye skrini ilififia kwenye wino, nikaikubali baada ya kujaribu tatu. Kingo nyeupe za dirisha zilionekana kama jino kati ya NI na NAPIKA, nikazipaka kalamu ya felti nyeusi moja moja. Viambishi nilivisogeza vyote vikae upande wa kulia wa dirisha, maana U ni fupi kuliko TU, na ukiiweka katikati inaachana na NAPIKA kama vile ni maneno mawili. Karafuu ina mafuta, ilitia madoa kwenye kadi ndani ya siku chache, kwa hiyo viungo vinakaa kwenye kifuko chake ndani ya droo.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kazi ya msuguano. Boksi za kwanza zilikuwa legelege, mtu anavuta droo yote kwa mara moja, mvuke na maneno yanapita kama basi la mwendokasi. Nilipobadilisha kadi ikawa nene zaidi, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na kulibana ganda kidogo, mkono ulipunguza kasi wenyewe. Ile hali ya kuanza polepole na kusimama polepole, ambayo kwenye kompyuta niliichora kwa mstari uliopinda, sasa ilitoka kwenye vidole vya mteja na ukaidi wa karatasi.

Jumamosi niliyopeleka boksi 12 Stereo, nilikaa nyuma ya meza nikanyamaza. Mama mmoja alishika boksi, akavuta, akasimama kwenye U. Akamgeukia binti yake aliyekuwa naye, akamwonyesha: "Unaona? Unapika." Binti akalichukua, akavuta mbele hadi TU, akamrudishia mama yake. Hawakusema zaidi. Walinunua.

Hata hivyo mama mkubwa hakunificha hesabu. Boksi la kukata kwa mkono linamla faida kwenye viungo vya kila siku, na mteja wa kila siku anataka kupimiwa kijiko. Tukakubaliana: vifuko viendelee, viwekewe lebo yenye herufi zilezile na neno TUNAPIKA limetulia, na boksi liwe la zawadi, kwa oda.

Oda ya kwanza ilikuja kwa mteja wake anayeozesha. Anataka boksi 60 za kugawa kwa wageni, na ameuliza kama neno linaweza kuwa la harusi. Nimekaa na swali hilo tangu wiki iliyopita, kwa maana Kiswahili kimeniletea zawadi na mtihani pamoja: NINAOA, UNAOLEWA, TUNAOANA. Kinachobaki palepale ni NAO. Mbele kunabadilika, na nyuma nako kunabadilika, madirisha mawili kwenye mstari mmoja. Droo ya kuvuta kwenda kushoto haiwezi tena, kwa sababu LEWA ikisogea inagongana na A iliyotangulia. Nimeligeuza boksi, sasa linavutwa kwenda chini, na kila hatua inaleta mstari mzima mpya: NI na A, kisha U na LEWA, kisha TU na ANA.

Madirisha yanafanya kazi, nimeyajaribu kwa karatasi ya daftari. Kilichobaki ni herufi mpya 4, na nimeanza na O. Nikiichora kwa kimo kilekile cha N, macho yanaiona fupi, kwa hiyo inabidi ipite mstari kidogo juu na kidogo chini. Leo nimechora 9. Kati yake, ya 7 ndiyo inayokaribia kufaa.