Mguu Ambao Sista Hakuugusa

Mjomba ndiye aliyeleta habari za mkandaji. Kwetu Majengo, pale Pumwani, kila nyumba ina mtu wake wa kukanda, na huyu alisifiwa kwa mkono mzito. Mguu wa kushoto wa Mama ulikuwa umeanza kuvimba, na Mjomba aliamini kwamba maji yaliyoshuka yangepandishwa kwa mafuta ya moto na kukandwa sawasawa. Tukakubaliana mkandaji aje kesho yake jioni, maana asubuhi Mama alikuwa na siku yake ya kwenda Nairobi Hospice, kituo cha kuwatuliza wagonjwa wa maradhi yasiyopona.

Huo ulikuwa mwaka 2012. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuenea, na hospitali tuliyoanzia ilituambia tumrudishe nyumbani, hakuna la zaidi. Kumbe la zaidi lilikuwapo. Nairobi Hospice ipo tangu 1990, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na huko ndiko Mama alikopewa morfini ya maji: anywe kila baada ya muda wa saa nne, na ya kulalia iwe maradufu ili maumivu yasimwamshe usiku. Alipewa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Juu ya hayo kulikuwa na siku za wagonjwa kukutana, wakanywa chai, wakaimba, wakapakwa mafuta. Wengine waliimba nyimbo za kanisani. Mama akisubiri wamalize, kisha anavuta kasida yake taratibu.

Siku ile sista aliyekuwa akikanda miguu alimwomba Mama afunue yote miwili. Hakuanza na mafuta. Aliiangalia kwa pamoja, akaweka kiganja kwenye shavu la mguu mmoja, kisha la pili. Wa kushoto ulikuwa mnene kuliko mwenzake na una moto. Akamuuliza Mama kama anapumua vizuri, kama kifua kinamchoma.

"Mama, huu siugusi," akasema. "Na mtu yeyote asiukande mpaka daktari auone."

Nikamweleza habari za mkandaji wa jioni. Akaniketisha. Saratani, akasema, huifanya damu igande upesi, hasa kwa mtu anayelala sana. Donge likiwa ndani ya mshipa wa mguu, mkono mzito unaweza kulisukuma likapanda hadi mapafuni, na hapo mtu huondoka ghafla. Nilimpigia Mjomba simu palepale.

Wakati tunamngoja daktari, sista alichukua mikono ya Mama. Mafuta yalikuwa ya nazi tu. Alianza kwenye kifundo, akashuka kidole kwa kidole, polepole, bila kubonyeza. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alimshika Mama bila kazi. Nyumbani tulimgusa tukimwogesha, tukimgeuza, tukibadilisha nguo. Majirani, kwa sababu ya harufu ya ule ugonjwa, walikuwa wanamsalimia kutoka mlangoni. Mama akafumba macho, akaanza kusimulia alivyosingwa alipokuwa bi harusi: liwa, mafuta ya asumini, na shangazi zake wakigombania nani apake mgongo. Mimi sikuwahi kuisikia hadithi ile.

Sista alinieleza kwamba hayo hayaondoi uvimbe. Alimtaja Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari na kufungua hospice ya St Christopher's kule London mwaka 1967, aliyefundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya imani, yote yamefungamana. Chupa ya morfini hutuliza fungu lake. Mafuta na kasida hushika fungu lingine. Naungulika mpaka leo ninapowasikia wauza maji ya majani wakiwaambia wagonjwa waache morfini ndipo dawa yao ifanye kazi.

Picha ya mshipa ilionyesha donge. Mama akaanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda.

Mjomba alifika na chupa aliyokuwa akimpa Mama kila asubuhi. Sista hakumbeza.

"Mzee, ndani mna nini?"

"Haba soda, tangawizi, na mizizi."

"Mizizi ya mti gani?"

Hakujua, aliyeujua ni muuzaji. Sista akamwambia kwamba sindano zile hurahisisha kuvuja damu, na Mama alikuwa tayari anavuja, na ipo mitishamba inayozidisha hilo. Tangawizi ya kwenye chai haina neno. Ile mizizi isiyojulikana ingoje. Mjomba aliitazama chupa, akaifunga kifuniko, kisha akauliza kama yeye, mwanamume, anaweza kufundishwa ile ya mikono.

Alifundishwa siku hiyohiyo. Kuanzia hapo zamu ya baada ya magharibi ikawa yake, na Mama hakukosa kumlalamikia kwamba anammwagia mafuta mengi mno.