Mkate wa Kumimina wa Bibi, Jioni ya Idi

Mwaka huu marafiki zangu walikubali kula nami chakula cha jioni siku ya Idi, nami nikaamua kwamba badala ya kununua keki ningepika mkate wa kumimina kama alivyoupika bibi yangu kule Unguja, ambaye hakuwahi kuandika vipimo na aliyepimia kila kitu kwa kikombe kimoja cha bati.

Usiku wa kuamkia sikukuu niliroweka vikombe viwili vya mchele, na asubuhi nikausaga pamoja na tui zito, hamira na iliki hadi ukalainika kabisa, kwani chembe zikibaki hukwaruza ulimi. Sukari bibi aliitia mwishoni, baada ya rojo kuumuka.

Kazi hasa iko kwenye moto. Sufuria hupakwa mafuta na kupata joto kwanza, rojo humiminwa lote kwa mara moja, na matundu yakishatokeza juu moto hupunguzwa. Hapo bibi alifunika kwa sinia na kupalia makaa juu yake; mimi, mkaazi wa ghorofa ya tatu, nilitumia oveni, na nakiri kwamba rangi niliipata lakini ile harufu ya makaa sikuipata.

Tuliula kwa kahawa chungu. Kipande cha pembeni kilichoungua kidogo, ambacho nilikusudia kukificha jikoni, ndicho kilichogombewa.