Mapungufu ya nani?

Saa tano usiku, nyumba imelala, na bado nalisikia lile swali. Limekaa nami tangu Alhamisi. Nimepika nalo, nimeoga nalo, nimekwenda nalo hadi Luweero kumzika shemeji. Wiki hii hii fedha za mradi zimeidhinishwa, miaka mitatu mizima, na kila mtu ananipongeza. Mimi nasikia maneno matatu tu.

Binti wa Tororo mnamjua. Niliwaandikia habari zake mwezi wa tatu, alipokuja kwangu na daftari lililofungwa kwa mpira. Ndiye ninayemlea kwenye utafiti wa ujumbe wa simu kwa watu wenye presha. Mgonjwa anaandikishwa kituoni, kisha kila jioni saa mbili simu inalia: umemeza dawa yako? Kazi niliyompa ilikuwa nyepesi, kuhakikisha kwamba ujumbe unafika, na jibu lilikuwa tayari kwenye kompyuta: karibu wote umefika. Yeye hakuridhika. Akapanda bodaboda, akawatafuta wahudumu wa afya wa vijiji, wakazunguka naye nyumba kwa nyumba.

Alhamisi akalifungua lile daftari mezani kwangu. Jina, umri, kijiji, namba ya simu, safu tulizozipanga pamoja. Halafu pembeni kabisa, kwa penseli na rula, alikuwa ameongeza safu yake mwenyewe, nyembamba hivi kwamba herufi zimepandana: *Simu ni ya nani?* Nikasoma nikishuka. Mjukuu, yuko Kampala. Mume. Jirani mwenye duka. Yake, ila ameiuza. Wakala wa mobile money. Yake. Mume. Mtoto wa dada, shule ya bweni. Yake, hajui kusoma.

"Ujumbe umefika kwenye simu, Dokta," akasema. "Kwa wenyewe haujafika."

Nilitazama saa. Nilikuwa na ripoti ya kupeleka kabla ya saa kumi. Nikamwambia, "Sawa, umefanya vizuri. Hilo tutaliandika kwenye mapungufu."

Hakupandisha sauti. Alikuwa ameweka kidole kwenye ule mstari wa mtoto wa shule ya bweni.

"Mapungufu ya nani, Dokta?"

"Ya utafiti, mwanangu. Kila utafiti una mapungufu yake."

Akafunga daftari, akavuta mpira ukalia pa!, akasema asante Dokta, akatoka.

Tangu hapo nimemjibu moyoni mara ishirini. Usiku wa kwanza nilimjibu kwa ukali: je, anajua tumetoka wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha, na wengi wao hawakuwa wanajua. Mtu haumwi popote, analima, anacheka, hadi siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili umekufa. Nimefanya kliniki ambako muuguzi mmoja anapima foleni inayoanzia mlangoni mpaka chini ya mwembe. Simu niliipenda kwa sababu hiyo. Simu haichoki wala haiendi likizo.

Usiku wa pili hasira ilipungua, nikakumbuka ninachowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka wanapoanza. Nawaeleza habari za Gulu, kaskazini mwa Uganda, wale watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2021. Kifaa cha kupiga picha ya moyo ndicho kilichowagundua. Ila kilichowakinga kilikuwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili: katika waliochomwa, ambao ugonjwa uliendelea hawakufika mmoja kwa mia, katika wasiochomwa walikuwa takriban wanane kwa mia. Na sindano haijichomi. Mtoto lazima arudi, na lazima awepo mtu anayejua kwamba leo hajarudi. Nasema hivyo nimesimama mbele ya ubao, wananiandika. Binti naye aliandika. Kisha akaenda kumtafuta huyo ambaye hajarudi, akaniletea jina lake, nami nikataka kumtupa kwenye mapungufu, ile aya ya mwisho isiyosomwa na mtu.

Jumamosi nilipanda taksi kwenda Bombo kumwona Mama.

Mnajua kwamba dawa zake anaziweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Nikalishusha. Kidonge kilikuwa kimebaki kimoja na nusu.

"Mama, dawa hukwenda kuchukua?"

"Siku yenyewe siijui. Sasa nameza leo, kesho napumzika, ili zisiishe."

Nikamkalisha kitini, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tukakaa kimya dakika tano. Kwa Mama kukaa kimya dakika tano ni kazi. Nikampima presha: 168 juu ya 98, iko juu. Nikarudia, ikashuka kidogo tu.

"Kituo hawakukutumia ujumbe wa kukukumbusha?"

"Ujumbe gani?"

Nikachukua kadi yake. Namba ya simu iliyoandikwa ni yangu, kwa mwandiko wangu. Niliiandika mimi mwaka jana kwa sababu betri ya simu yake haikai na chaji. Nikafungua simu yangu nikatafuta. Ulikuwepo. Ulikuja siku kumi na mbili zilizopita, saa tatu asubuhi, nikiwa mkutanoni, nikausoma nikasema nitampigia jioni.

Kwenye safu ya Binti, Mama angeandikwa: *Binti yake, yuko Kampala.*

Nilitoka barazani nikampigia pale pale. Nikamwambia, "Uliniuliza mapungufu ya nani. Ni yangu." Nikamweleza habari ya kopo. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Mama amepata dawa sasa?" Ndilo swali lake la kwanza. Nikamwambia nimempata dereva wa boda anayetufahamu, kaenda kuzichukua kwenye duka la dawa.

Tukaongea karibu saa nzima. Kumbe alikuwa ameshaandika pendekezo zima, kwa penseli, kurasa za nyuma za daftari. Siku ya kuandikishwa mgonjwa aulizwe simu inashikwa na nani, na kama anakubali huyo aone habari zake, maana tangu sheria ya data ya 2019 habari za afya ya mtu si za kumwagiwa jirani mwenye duka. Wasiosoma wapigiwe sauti, kwa Kiswahili, Kijapadhola, Kiganda, lugha anayoota nayo mtu. Asiye na simu atembelewe na mhudumu wa kijiji wake. Alipofika kwenye hesabu ya nauli za wahudumu akaanza kucheka kwa furaha, nami nikacheka. Mama akapaza sauti kutoka ndani, "Unaongea na nani hivyo?" Nikasema, "Na mwalimu wangu, Mama."

Mwezi ujao kwenye kikao atasimama yeye aeleze. Nimeshawaandikia wanaokiandaa. Mimi nitakaa nyuma, na daftari lile nimemwomba alibebe hivyo hivyo na mpira wake.

Ningelala sasa, ila mvua imeanza tena na nausikia ule mfenesi. Umelalia upande wa jirani, na mafenesi mawili makubwa yananing'inia juu ya bati la jiko lake. Baba Watoto alisema atapata mtu wa kuukata Jumapili. Jumapili ndiyo hii imekwisha.