Tulivyoaminiana na wenzetu wa Lubumbashi
Kampuni yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar ilipoungana na ile ya Lubumbashi, Kongo (DRC), mwanzoni tulinuniana. Sisi tumezoea kumaliza mambo WhatsApp; wenzetu wanataka barua yenye saini na muhuri. Tukaona wanachelewesha, wao wakaona tunaficha kitu. Kiswahili tunacho sote, lakini nyaraka zao ni za Kifaransa, zetu za Kiingereza, na lori likikwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kila upande unanyooshea mwingine kidole.

Semina za mshikamano hazikusaidia, nasema ukweli. Kilichosaidia ni kubadilishana watu. Dada mmoja wa kwao alikaa nasi bandarini, akaona kontena linavyopita hatua zote mpaka litoke. Kijana wetu naye akaenda Kasumbalesa, akashinda kwenye foleni na madereva. Aliporudi, yeye ndiye aliyewatetea Wakongo kikaoni!

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, miungano ya namna hii itaongezeka. Jamani, anzeni na watu kabla ya nembo. Kwetu sasa mzigo ukikwama, simu ya kwanza anapigiwa mwenzako wa upande wa pili, bosi baadaye. Zamu ijayo anakwenda mtu wa uhasibu.