Kaunta Buku ya Kituo cha Sae

Mwezi wa sita Mbeya hakuna anayesimama kituoni kwa kupenda. Ukungu unakuwa bado umelala barabarani, ukipumua mvuke unakutoka mdomoni, na vidole vinakataa kushika kalamu. Asubuhi hiyo ya mwaka 2018 nilikuwa kituo cha Sae tangu saa 12 kasorobo, nimevaa koti la marehemu baba, kaunta buku mkononi. Kwenye ukurasa wa kwanza nilikuwa nimechora safu tatu: wanafunzi waliopo, waliochukuliwa, walioachwa.

Hiace ya kwanza ilikuja kutoka Uyole. Konda alishuka kabla haijasimama vizuri, akatanua mkono mlangoni kama mtu anayefunga lango la zizi, akaanza kuita watu wazima. "Kabwe, Mafiati! Denti wawili tu, nimesema wawili!" Wakaingia wawili. Wengine wakarudi nyuma bila kulalamika, na hilo la kutolalamika ndilo lililoniuma, maana niliona wamekwisha kuzoea. Niliandika: 17, 2, 15.

Nilikuwa pale kwa sababu ya fomu.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uhasibu, nimerudi nyumbani Ilomba, kazi sina. Umoja wa wamiliki wa daladala wa ruti ya Uyole hadi Mbalizi ukanichukua niwaandikie barua na kutunza vitabu vya michango. Siku moja mwenyekiti akatoka kwenye semina na bahasha kubwa. Kulikuwa na mfuko unaotoa ruzuku kwa ajili ya usafiri wa umma kwenye miji ya ukubwa wa kati. "Ruzuku, mwanangu, siyo mkopo," aliniambia, akalirudia neno hilo taratibu. "Hairudishwi." Ndoto yetu ilikuwa mabasi 10 marefu, ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani bila kukunja mgongo, yaende na kurudi kwenye barabara kuu badala ya zile Hiace ambazo nyingine zilikuwa na umri kunizidi mimi.

Andiko la kwanza nililiandika kwa siku 4, na sehemu nyingine niliandika huku machozi yananitoka. Niliweka akina mama wajawazito wanaobebwa kwa kubanana kwenda Hospitali ya Meta, niliweka wazee wa Mbalizi wenye magunia ya viazi, niliweka vumbi na mvua. Bajeti ilikuwa ya mstari mmoja mmoja: bei ya mabasi 10, kuyasafirisha kutoka bandarini, usajili, bima. Nikajumlisha, nikapiga mistari miwili chini, nikaona nimemaliza.

Mweka hazina wetu alikuwa mzee aliyewahi kuwa fundi kwenye karakana ya UDA, shirika la mabasi ya umma kule Dar es Salaam. Alilisoma andiko lote bila kusema neno, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipofika mwisho akarudi kwenye bajeti.

"Matairi yako wapi?"

Nilimjibu kwamba mabasi yatakuja na matairi yake.

"Ya kwanza, ndiyo. Ya pili yako wapi?"

Hapo ndipo aliponihadithia Ikarus. UDA ilianzishwa mwaka 1974, na yeye aliyafahamu vizuri yale mabasi ya kutoka Hungaria, hasa marefu yenye tumbo la kukunja katikati yaliyoitwa kumbakumba. Aliyataja kama mtu anayetaja ng'ombe wa baba yake. Ikaja miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri haviingii, basi moja likiharibika linavuliwa pampu apewe mwenzake, mwenzake akilala anavuliwa giaboksi. "Lililokufa jana lilikuwa chakula cha linaloumwa leo," alisema. Watu wakajaa vituoni hadi mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, yale ya nauli ya shilingi 5, dala moja, ndiyo daladala. "Yale mabasi hayakufa kwa uzee, mwanangu. Nilikuwa nayo. Yalikufa kwa kukosa vitu vya kushika mkononi."

Nilirudi nyumbani na andiko langu limekunjwa, nimenyamaza.

Wiki mbili zilizofuata nilizimalizia kwenye kibanda cha intaneti Mwanjelwa. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu miji inavyoomba fedha za mabasi. Marekani, niliona, serikali kuu inaweza kutoa hadi asilimia 80 ya bei ya basi la kawaida, asilimia 20 mji wenyewe uitafute. Na basi kubwa linatakiwa litumike angalau miaka 12 au maili 500,000 kabla mji haujaruhusiwa kuliondoa bila kudaiwa. Mashirika makubwa yanabanwa hata kwenye akiba: mabasi ya ziada yasizidi asilimia 20 ya yale yanayohitajika barabarani saa za msongamano. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu hukaa akahesabu basi lililo gereji. Nikachukua kalamu: tukitaka 10 barabarani, tunahitaji 12.

Nikasoma na ya kwetu. Mwendokasi wa Dar es Salaam, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, ulianza kubeba abiria Mei 2016. Mkopo wa Benki ya Dunia uliingia kwenye barabara ya kilomita 20.9 na vituo vyake, lakini mabasi 140 ya kuanzia yalikuwa ya mwendeshaji. Hata Mbeya, mradi wa miji ya kimkakati ulikuwa umetuletea barabara nzuri kwa fedha za benki hiyohiyo. Basi ni jambo jingine. Barabara ukishaikabidhi, mfadhili anapiga picha anaondoka. Basi kesho yake asubuhi linataka dizeli, na kesho kutwa linataka dereva aliyelala vizuri. Niliwaelewa wanaoogopa kutoa fedha za namna hiyo, ingawa moyo wangu haukutaka kuwaelewa.

Kwenye fomu, sehemu ya uendelevu wa mradi, kulikuwa na swali lililonirudisha kituoni: nani atafidia pengo la nauli za makundi yanayolipa pungufu? Wakati huo nauli ya mtu mzima kwa safari fupi ilikuwa shilingi 400, mwanafunzi 200, kwa viwango vya SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri. Kila kiti cha mwanafunzi ni nusu kiti kwa mwenye gari. Sikuweza kujibu bila kujua wanafunzi ni wangapi. Ndiyo maana ya kaunta buku.

Nilihesabu siku 9. Siku ya tano, yule konda wa denti wawili alinikuta kwa mama ntilie nakunywa chai. Akavuta kigoda, akaomba aone daftari. Alisoma safu zote tatu, kidole kikifuata namba.

"Dada, hii ya walioachwa ni mimi, siyo?"

Nikasema ni magari yote, lakini ndiyo, na yeye yumo.

Hakukasirika. Alianza kunihesabia. Jioni tajiri, mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, kile kiasi cha kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe. Mafuta yanatoka hukohuko kwenye kuuza siti. Ukipigwa faini, hukohuko. Deiwaka akikushikia tripu mbili ukale, hukohuko. Kinachobaki ndicho cha dereva na konda, na zipo siku hakibaki. Saa 12 hadi saa 2 asubuhi ndiyo saa pekee ambayo gari linajaa bila kupiga debe, na ndiyo saa ya wanafunzi. "Nikiwabeba wote, asubuhi yangu imeshakufa. Mimi nina mtoto darasa la sita. Anatembea kwa miguu, maana na konda mwenzangu ana hesabu."

Ninapaswa kusema jambo hapa. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliachwa kituo cha Ilomba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja. Siku moja ya mwezi wa pili nilitembea kwenye mvua, nikafika kipindi cha tatu sketi inachuruzika, nikasimamishwa nje hadi mapumziko. Konda wa siku ile nilimbeba moyoni miaka yote. Nilijua sura yake, nilijua kofia yake. Nilipoandika andiko la kwanza, yeye ndiye niliyekuwa nampiga kwa kila sentensi. Sasa nimekaa na mwenzake, mikono yake imepasuka kwa baridi, ananionyesha hesabu ambayo hata mimi mhasibu siwezi kuifanya ikatoka.

Mabasi mapya 10, au 12, au 100, yangekuja na hesabu ileile ya jioni. Watoto wangeachwa kituoni na basi zuri zaidi.

Nikaliandika upya andiko lote. Sura ya machozi ikabaki ukurasa mmoja. Nikaweka matairi ya pili na ya tatu, breki za mteremko wa Iwambi, fundi wa kudumu. Nikaweka kwamba dereva na konda watalipwa mshahara na hesabu ya jioni itaondoka, na pengo la nauli ya wanafunzi litabebwa na mapato ya mchana kwa kiasi nilichokipata kwenye daftari.

Mkutano wa wanachama ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye darasa la shule ya msingi, wanaume wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto. Niliposoma neno mshahara, minong'ono ikaanza. Mama mmoja mjane, mwenye Hiace mbili, akasimama.

"Mwanangu, nakuheshimu na elimu yako. Hesabu ndiyo iliyosomesha wanangu baada ya baba yao kufariki. Leo unataka niiweke mezani kwa ajili ya mgeni ambaye hata hajaja?"

Sikuwa na jibu la kumpa lililo sawa na uzito wa swali lake. Nilimwambia hivyo. Kisha nikasoma daftari: tarehe, saa, 17, 2, 15. Nikafungua ukurasa, nikasoma tena. Sikusoma kitu kingine. Mwishoni mikono iliyokubali iliizidi iliyokataa kwa minne, na wa yule mama haukuwamo.

Yaliyofuata yalikuwa ya barua na mihuri. Ilibidi tuombe utambulisho sehemu mbili, kwa kuwa Uyole iko ndani ya Jiji na Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Kibaya zaidi, mfuko ulitaka mwombaji achangie sehemu moja ya tano. Tulishusha maombi kutoka mabasi 12 hadi 6, tukachangishana, na bado tulikuwa mbali.

Agosti walikuja wakaguzi wawili. Walitaka kupanda Hiace kama abiria, Uyole hadi Mbalizi, na hilo liliniongezea heshima kwao. Tulipoteremka Iwambi nyuma ya lori la mizigo, harufu ya breki ikaingia ndani, hakuna aliyezungumza hadi tambarare. Pale Mbalizi, tukiwa tumesimama kando ya barabara, mmoja akauliza: "Mkikosa ruzuku hii mtafanya nini?"

Mwenyekiti alijibu kwa ukweli. "Tutaendelea kama tulivyo."

Aliandika. Niliitazama kalamu yake ikienda, nikajua.

Barua ya majibu ilifika Novemba. Ilikuwa ya adabu, ikasifu takwimu za abiria, ikasema mchango wa mwombaji haukufikia kiwango. Mwenyekiti aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati. Mzee mweka hazina alinisindikiza hadi barabarani, akasimama na mimi hadi gari langu lilipokuja.

"Andiko lako lilikuwa na matairi," aliniambia. Nililia ndani ya daladala, upande wa dirisha.

Januari 2019, jioni ya kuamkia siku ya kufungua shule, simu yangu iliita. Alikuwa yule mama mjane. Baada ya salamu akaniuliza kama bado ninalo lile daftari. Nikamwambia ninalo.

"Nimekaa na vijana wangu. Tripu ya kwanza ya asubuhi sitaidai hesabu. Ni ya wanafunzi. Gari moja tu, lile jeupe; la pili siwezi. Njoo uone kama wanachukua kweli."

Kulikuwa na mvua za rasharasha. Nilifika Sae mapema kuliko siku zote, koti la baba begani. Walikuwa 14, sare mpya, madaftari ndani ya mifuko ya plastiki. Hiace nyeupe ilitokea saa 12 na dakika 20, na aliyening'inia mlangoni alikuwa yule konda wa Juni. Sikujua kama sasa anafanya kazi kwa yule mama mjane. Aliniona. Akashuka gari likiwa limesimama kabisa, akakaa pembeni ya mlango.

"Wanafunzi," aliita. "Wanafunzi kwanza."

Ndani tayari walikuwamo wa Uyole na Nane Nane, kwa hiyo nafasi haikuwa kubwa. Waliingia 8, wadogo wakapakatwa. Konda akanitazama, akainua mabega kwa walioshindwa kuingia, akafunga mlango. Niliandika: 14, 8, 6. Kisha nikatia kaunta buku ndani ya koti isilowe, nikasogea chini ya bati la kituo nilipokuwa nimewaona wale sita wakijibanza, tukangoja gari lingine.