Dhahabu kwanza, rangi baadaye

Zaburi ya Mtakatifu Louis, kitabu cha zaburi kilichoandikwa kwa mkono na kuhifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris, ina michoro 78 ya Agano la Kale, kila mmoja ukijaza ukurasa mzima. Ilitengenezwa kwa ajili ya mfalme Louis wa 9, aliyefariki mwaka 1270. Anayeanza kuisoma, aanze na dhahabu.

Katika karakana za Kigothi, yaani za mtindo wa sanaa wa Ulaya wa zama hizo, fundi alichora kwanza kwa mistari hafifu juu ya ngozi iliyotumika kama karatasi. Palipotakiwa dhahabu alipaka mchanganyiko wa jasi, rangi nyeupe ya risasi kidogo, gundi ya ngozi, na asali au sukari. Alirudia tabaka baada ya tabaka, kila moja ikauke, kisha akakwangua kwa kisu mpaka pawe laini. Hapo alipuliza pumzi ya joto kupitia mrija. Unyevu ule uliamsha gundi, utando mwembamba wa dhahabu ukanasa, naye akausugua kwa jiwe la akiki au jino la mbwa mpaka ung'ae.

Mtego mkubwa umo kwenye asali. Ikizidi, jasi huvuta unyevunyevu wa hewa na kubaki teketeke, kwa hiyo ukisugua unachana dhahabu. Ikipungua, pumzi haitoshi na utando haushiki. Gundi nayo ikizidi, tabaka hupasuka ngozi inapojikunja. Ikipungua, jasi hugeuka unga na kubanduka.

Rangi zilisubiri kwa sababu nazo zina gundi: vipande vya dhahabu vingezinata, na kusugua kungezikwaruza. Ndiyo maana ukichungulia ukingoni utaona rangi imepanda kidogo juu ya dhahabu, kisha wino mweusi umeficha mshono.

Fungua mchoro wa Mamre, mahali ambapo katika Biblia Ibrahimu alitembelewa na wageni watatu. Mti umesimama katikati: upande mmoja Ibrahimu anawapokea wageni hao, upande wa pili anawahudumia mezani, na mkewe Sara yuko mlangoni. Juu yao kuna matao na madirisha ya duara kama ya kanisa la Sainte-Chapelle mjini Paris, lililowekwa wakfu mwaka 1248. Nyuma yao hakuna anga, ni dhahabu tupu, na kwangu hilo ndilo linaloutoa ugeni ule kwenye saa za kawaida.

Kwenye picha za kidijitali dhahabu iliyosuguliwa mara nyingi huonekana ya kahawia, hata nyeusi, kwa kuwa mwanga umerukia kwingine badala ya kuingia kwenye kamera. Usidhani imechakaa. Tafuta picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Hapo hata unene wa jasi utauona.