Kumbukumbu ya mradi: utepe wa ringi kwa tyubu za lateksi

Jumamosi. Nimelikuta gurudumu la nyuma la baiskeli yangu limelala chapa, siku ya tatu tu tangu nilivishe tyubu ya lateksi (mpira mwembamba na laini). Tyubu za aina hii hupungua upepo kila siku hata zikiwa nzima, lakini haziishi kabisa kwa usiku mmoja. Nilipoizamisha kwenye beseni la maji, vipovu vilitoka upande wa ndani, ule unaotazama spoki. Nikailaza juu ya ringi kwa kuanzia kwenye vali, na kitobo kikaangukia sawasawa kwenye ukingo wa tundu mojawapo la spoki. Hapo nikajua kwamba pancha hii haikutokana na mwiba.

Utepe uliokuwamo, yaani ukanda unaofunika matundu ya spoki ndani ya ringi ili yasitoboe tyubu, ni ule wa plastiki usio na gundi, wenye upana wa milimita 13, na matundu ya ringi hii yana milimita 9. Ukikaa katikati barabara, unabakiza milimita 2 tu kila upande, na wangu ulikuwa umesogea. Tyubu ya kawaida ya butili ilivumilia hali hiyo kwa miezi mingi kwa kuwa ni nene na haivutiki sana. Lateksi ni nyembamba na laini, hivyo ikijazwa upepo hujisukuma katika kila upenyo inaoukuta, ikiwemo ile nafasi finyu kati ya ukingo wa utepe na ukuta wa ringi, na ikishaingia humo husuguliwa na ukingo mkali wa plastiki kila gurudumu linapozunguka. Nilikuwa nikichagua utepe kwa kutazama matundu peke yake, kumbe kingo zake zina uzito uleule.

Jumapili. Nimepima sakafu ya ringi kutoka ukuta hadi ukuta na kuchagua utepe wa pamba wenye gundi, wa milimita 16, unaoijaza bila kupanda mahali ukingo wa tairi unapokalia. Nilifuta ringi kwa spiriti, nikaiacha ikauke, kisha nikabandika utepe nikiuvuta kwa nguvu na kuukandamiza kwa kidole gumba. Tundu la vali lilikuwa na kinundu chenye ncha, nikakisugua kwa msasa mpaka kidole hakikuhisi kitu. Kwenye shina la vali nilivisha kipande cha mpira kutoka tyubu kuukuu ili lateksi isiguse ukingo wa tundu, halafu nikapaka tyubu poda isigandamane na tairi.

Jumapili iliyofuata. Baada ya wiki nzima ya kuendesha kwa upepo wa baa 6, nimefungua makusudi nikague. Juu ya kila tundu utepe umebonyea kidogo kama kisahani, lakini haukuchanika wala kusogea, na tyubu haina alama iliyokwaruzwa.

Gurudumu la mbele ni shughuli nyingine. Mfereji wa ringi yake ni wa kina kifupi, na nilipojaribu utepe wa pamba, unene wake ulifanya tairi ligome kuingia. Sitaki kulilazimisha kwa vyuma, kwani lateksi hubanwa na kukatika upesi. Huko nitazungusha mara mbili ule utepe mwembamba wa gundi unaotumika kwenye matairi yasiyo na tyubu, na kingo zake nitazilaza kwa kitambaa mpaka zishikane kabisa na ringi.